Mtoto anacheua usiku: umlaze vipi, umnyonyeshe vipi, na kipi uachane nacho

Mtoto wa mwezi mmoja au miwili akicheua mchana, unapangusa bega, unabadilisha kitambaa, maisha yanaendelea. Usiku ndiyo kazi. Umelala nusu macho, saa nane, unasikia kile kikohozi kidogo, unapapasa na kukuta shuka limelowa, shingo ya mtoto imelowa, na harufu ya maziwa yaliyochacha imejaa ndani ya chandarua. Asubuhi yake kila mtu ana la kusema. Bibi anasema mlaze ubavu. Jirani anasema mwekee mto. Duka la dawa lina chupa yake. Na hakosekani wa kunong'ona kwamba mtoto amebemendwa.

Ushauri wote huo hauwezi kufuatwa kwa pamoja, na mwingine unapingana. Kwa hiyo nimeuweka kila mmoja karibu na mwenzake, ili aliye na mtoto mkononi ajue achague upi.

Kwanza, kinachotokea. Pale umio unapoingia tumboni kuna msuli unaotakiwa kubana baada ya chakula kupita. Kwa mtoto mchanga msuli huo bado hulegea ovyo, tumbo lenyewe ni dogo, chakula chake chote ni maji, na muda mwingi amelala. Maziwa yakipata upenyo, yanarudi. Kwa watoto wengi hali hii huanza kabla ya wiki ya 8, hupamba moto karibu na mwezi wa 4, kisha hupungua anapoanza kukaa na kula vyakula vizito. Watoto 9 kati ya 10 huwa wameacha kabla ya kutimiza mwaka. Hakuna njia hata moja hapa chini itakayoukomaza msuli huo kabla ya siku zake.

Kwa hiyo ninapima vitu vitatu: usalama wa mtoto, usingizi wa mama, na wingi wa maziwa yanayorudi. Vikigongana, usalama kwanza, usingizi wa mama pili, shuka safi mwisho. Najua wapo watakaonibishia kuhusu hilo la pili, hasa wasioamka usiku.

Chali, ubavu au kifudifudi?

Hapa ndipo penye hofu kubwa, kwa hiyo tukae kidogo. Hofu yenyewe ni hii: akilala chali halafu maziwa yakarudi, si atapaliwa?

Si hofu ya kijinga. Hata madaktari waliwahi kuwa nayo. Benjamin Spock, daktari wa watoto wa Marekani ambaye mamilioni ya wazazi walimfuata, kuanzia miaka ya 1950 aliwashauri wawalaze watoto kifudifudi, na sababu mojawapo aliyotoa ilikuwa hiyo hiyo: akitapika akiwa chali anaweza kupaliwa. Nchi nyingi za Ulaya na Marekani zikazoea hivyo. Baadaye watafiti walipoanza kuchunguza watoto waliokuwa wakifa ghafla usingizini bila ugonjwa wowote kuonekana, wakakuta wengi walikuwa wamelazwa kifudifudi. Uholanzi ilianza kuwaonya wazazi mwaka 1987, Uingereza ikaanzisha kampeni mwaka 1991, Marekani ikatoa mwongozo mwaka 1992 na kampeni ikafuata mwaka 1994. Ndani ya miaka michache vifo hivyo Marekani vilipungua kwa takriban nusu. Na vifo vya kupaliwa, vile ambavyo kila mtu aliviogopa, havikuongezeka.

Sababu iko kwenye maumbile. Umio na koo la hewa vimepakana. Mtoto akiwa chali, koo la hewa liko juu, na umio uko chini yake, upande wa godoro. Maziwa yakirudi hubaki huko chini, na ili yaingie kwenye njia ya hewa yanalazimika kupanda. Mgeuze kifudifudi, na mpangilio wote unageuka: umio unakuwa juu, koo la hewa linakuwa chini, na maziwa yanayorudi yanateremkia kwenye mlango wa hewa. Tena mtoto mwenye afya akiwa chali humeza, hukohoa au hugeuza kichwa mwenyewe. Kile kikohozi kinachokushtua usingizini ni ishara kwamba kinga yake iko kazini.

Mtego uko hapa: kifudifudi kweli hupunguza kucheua. Ubavu wa kushoto pia. Ukipima kwa shuka tu, njia hizo zinashinda, na ndiyo maana bibi anakuapia kwamba watoto wake wote walilala hivyo na hakuna aliyelowesha kitanda. Lakini mtoto aliyelala kifudifudi huzama kwenye usingizi mzito zaidi, huamka kwa shida zaidi hewa inapopungua, na pua yake ikielekea kwenye godoro huvuta tena ile hewa aliyoitoa. Ubavu nao haukai. Mtoto ambaye bado hawezi kujigeuza vizuri huanza ubavu, usiku wa manane umkute kifudifudi.

Kwa hiyo mchana akiwa macho, na mtu mzima yupo anamtazama, mlaze kifudifudi kwenye mkeka kadiri unavyotaka; inamsaidia kukaza shingo pia, ingawa si mara tu baada ya kunyonya. Usiku na kila usingizi, chali. Wanaotolewa kwenye kanuni hii ni wachache mno, kama wenye kasoro ya koo, na hao huwa tayari wana daktari aliyewaagiza hivyo. Mtoto wako akishaweza kujigeuza mwenyewe huku na huku, huna haja ya kukesha ukimrudisha. Wewe mwanzishe chali, mengine muachie.

Kwa yule anayeniambia, "Sasa akipaliwa kweli je?" Kupaliwa kweli hakufanani na kucheua. Mtoto hatoi sauti, hawezi kukohoa wala kulia, uso unaanza kubadilika rangi. Hapo mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, mgonge mara 5 katikati ya mabega kwa kiganja. Isipotoka, mgeuze chali na umbonyeze katikati ya kifua mara 5, kisha urudie, huku mwingine akiita msaada. Kila mtu anayelala chumba kimoja na mtoto ajue hili, anayecheua na asiyecheua.

Tambarare au kuinua kichwa?

Hili ndilo pendekezo la pili kwa umaarufu, na kwa macho linaeleweka: maji hayapandi mlima. Linakuja kwa sura nyingi. Mto chini ya kichwa. Khanga iliyokunjwa chini ya godoro. Matofali chini ya miguu ya kitanda. Kitanda kilichotengenezwa tayari kikiwa kimeinama.

Mto ndio mbaya kuliko vyote. Shingo ya mtoto mchanga ni dhaifu na kisogo chake ni kikubwa. Ukimwekea mto, kidevu kinashuka kifuani na njia ya hewa inabanwa. Kunja khanga chini ya godoro na utakuta baada ya saa moja ameteleza amejikunja chini, tumbo limebanwa, na tumbo likibanwa maziwa ndiyo yanarudi zaidi. Matofali hayana madhara kama mto, ila faida yake haionekani, na mtoto anateleza vile vile.

Vitanda vya kuinamia vina habari nzito zaidi. Marekani mwaka 2019 kampuni ya Fisher-Price iliwataka wateja warudishe vitanda vyake vya Rock 'n Play takriban milioni 4.7, baada ya vifo zaidi ya 30 vya watoto kuripotiwa. Mwaka 2022 sheria ya huko ikapiga marufuku vitanda vya watoto vilivyoinama zaidi ya nyuzi 10. Nalitaja hili kwa sababu vyombo vya watoto husafiri. Shangazi wa ughaibuni anaweka kwenye kontena, au unakiona kwenye mtumba kikiwa kizuri na bei imeshuka. Ukiletewa, shukuru, kisha kitumie kuwekea nguo.

Kiti cha gari na kibebeo cha kukalia hali kadhalika. Safarini sawa. Kuvifanya kitanda cha usiku kwa sababu "humo hacheui" ni kosa mara mbili: kichwa kinaanguka mbele, na mkao wa kujikunja unabana tumbo.

Mwaka 2018 vyama vya madaktari wa tumbo la watoto vya Ulaya na Amerika Kaskazini, ESPGHAN na NASPGHAN, vilitoa mwongozo wa pamoja unaosema kumuinua au kumlaza kwa mikao maalumu kusitumiwe kutibu kucheua kwa mtoto aliyelala. Kwa hiyo godoro gumu kiasi, tambarare, bila mto. Hapa sioni cha kujadili.

Begani, pajani, au mlaze tu?

Kumcheulisha mtoto baada ya kunyonya, yaani kumtoa ile hewa, kumekuwa kama ibada. Kuna akina mama wanaompiga mtoto mgongoni nusu saa wakisubiri mbweu ambayo haiji, mtoto ameshalala, mama anakaribia kulia.

Kule Chandigarh, India, watafiti waliwagawa akina mama katika makundi mawili, moja likifundishwa kumcheulisha mtoto na jingine likiachwa bila mafunzo hayo, wakafuatilia watoto kwa miezi 3. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalishangaza wengi: kulia kwa chango hakukupungua, na watoto waliocheulishwa walicheua maziwa zaidi, si pungufu. Utafiti ulikuwa mdogo, familia 71, kwa hiyo siutumii kumkataza mtu. Unatosha kumpunguzia mama hatia: mbweu isipotoka ndani ya dakika chache, iache.

Kumpiga mgongoni na kumshika wima ni vitu viwili tofauti, japo huwa tunavifanya pamoja. Kumshika wima kuna mantiki: maziwa yanakaa chini, hewa inapanda yenyewe. Wanaoshauri husema dakika 20 hadi 30 baada ya kunyonya. Begani ni kuzuri mradi tumbo lake lisigandamizwe kwenye mfupa wa bega lako. Mlaze kifua kwa kifua badala yake. Kumkalisha pajani, kidevu kikiwa juu ya kiganja chako, kunamfaa aliyeshiba sana, ila ukimwacha akajikunja mbele umerudisha tatizo la kiti cha gari. Nepi iliyokazwa sana kiunoni nayo inafanya hivyo hivyo. Ilegeze kidogo kabla ya kunyonyesha. Na ukitaka kumbadilisha nepi, ibadilishe kabla ya kunyonya au katikati, maana kumwinua miguu akiwa ameshiba ni kumwaga chungu.

Sasa piga hesabu. Mtoto akinyonya mara tatu usiku na kila mara ukae naye wima nusu saa, umeondoa saa moja na nusu ya usingizi wako. Nani anaweza, usiku baada ya usiku? Ndiyo maana naona kazi hii igawanywe. Mama ananyonyesha, kisha anamkabidhi mtu mwingine amshike wima: baba, mama mkwe aliyekuja kwa ajili ya arobaini, mdogo wako. Kumshika mtoto kifuani hakuhitaji maziwa. Kwenye nyumba zetu mara nyingi bibi yupo hapo hapo chumbani siku zote arobaini, ila hupewa kazi ya kupika uji na supu mchana. Mwombe zamu moja ya usiku, utaona tofauti ambayo hakuna chupa ya dukani itakupa.

Kama uko peke yako, dakika 10 na umlaze chali ni bora kuliko dakika 30 ukisinzia naye kwenye kochi. Hili nalisema kwa msisitizo. Kusinzia na mtoto kwenye kochi ni hatari kuliko kusinzia naye kitandani, kwa sababu anateleza kati ya mwili wako na mito.

Kunyonyesha umekaa au umelala?

Umekaa, mtoto yuko mteremko kidogo, kichwa juu kuliko tumbo, na maziwa yanayorudi yanapungua. Umelala ubavu, mtoto yuko tambarare, huenda akacheua kidogo zaidi, lakini wewe unapumzika na hakuna anayeanguka.

Ushauri wa kawaida utakuambia ukae. Mimi nasema inategemea usiku wenyewe. Ukiwa na nguvu, kaa. Ukihisi macho yanafumba, lala ubavu kwenye kitanda kilichoondolewa mito na mablanketi karibu na mtoto, mnyonyeshe, na akimaliza mgeuze chali. Kucheua kidogo zaidi ni gharama ndogo. Haya hayahusu mama aliyekunywa pombe au dawa zinazoleta usingizi, nyumba yenye anayevuta sigara, au mtoto aliyezaliwa njiti. Hao mtoto awe na sehemu yake ya kulala.

Kuna mtoto anayecheua kwa sababu maziwa ya mama yanatoka kwa kasi. Utamjua: anaanza kunyonya, anagugumia, anajitoa, maziwa yanamrukia usoni. Huyu mama yake akiegemea nyuma na kumlaza mtoto juu yake, kasi inapungua. Kukamua kidogo kwenye kitambaa kabla ya kumpa ziwa pia husaidia.

Kwa anayetumia chupa, ulinganisho ni wa vipimo. Kadirio la kawaida kwa mtoto mchanga anayetegemea maziwa ya kopo ni kama mililita 150 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtoto wa kilo 4 basi ni kama mililita 600. Ukizigawa mara 6 unampa 100 kila mara. Ukizigawa mara 8 unampa 75. Jumla ni ile ile, ila tumbo linajazwa kidogo kidogo. Mara nyingi anayecheua sana wa chupa ni anayepewa zaidi ya kipimo, kwa kuwa chupa humsukumia hata akishaashiria kwamba ametosheka. Ndiyo maana wauguzi wengi wa kliniki watakuambia utumie kikombe: mtoto anaramba kwa mwendo wake, na kikombe kinasafishika.

Kinachonitia wasiwasi ni jaribio la kumshibisha jioni "ili alale mpaka asubuhi". Tumbo likifurika saa tatu, saa nne unafua.

Kitanda cha mama au kitanda chake?

Nitapita haraka, kwa sababu nyumba nyingi hazina chaguo: chumba kimoja, kitanda kimoja, chandarua kimoja kile cha kliniki. Salama zaidi ni chumba kimoja, sehemu ya kulala tofauti, karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono. Ukimpa kitanda chake, kumbuka anahitaji chandarua cha pili, na hilo watu hulisahau. Akilala nawe, awe upande wako, si katikati ya wawili, bila mto wala blanketi zito. Jiko la mkaa lisiingie chumbani, hata kama ni Mbeya na ni Julai.

Matandiko

Hili halimo kwenye vitabu vya madaktari, lakini ndilo linaloamua kama utalala tena baada ya saa nane au la.

Njia ya kwanza ni kumtandikia vitambaa laini vingi chini ya kichwa ili vinyonye. Inapendeza kwa macho, ila vitambaa vilivyolegea karibu na uso ni hatari, na vikisogea havinyonyi chochote. Njia ya pili ni tabaka mbili: ule mpira ulioununua kwa ajili ya kujifungulia, juu yake shuka lililokazwa; kisha mpira mwingine, na shuka au khanga iliyokazwa kabisa chini ya godoro pande zote. Akicheua, unavuta tabaka la juu lote, unalitupa kwenye beseni, na la chini liko tayari. Huwashi taa kubwa, humwamshi baba watoto, hutafuti shuka kabatini.

Nguo za vifungo mbele zinashinda za kuvalishwa kichwani, maana hizo ukimvua zilizolowa unampakaza maziwa usoni. Bibu asilale nayo. Mikunjo ya shingo ifute kwa kitambaa chenye maji, ikaushe, kwa kuwa maziwa yakikaa humo ngozi inachubuka. Na poda uiache. Vumbi lake likiingia mapafuni halimfai mtoto. Nguo zenye maziwa zianze na maji baridi. Maji ya moto yanagandisha doa na harufu inabaki.

Vya dukani

Woodward's Gripe Water imekuwa kwenye makabati ya bibi zetu na bibi zao. Ilianza Uingereza mwaka 1851, na ile ya zamani ilikuwa na kilevi ndani yake, jambo ambalo labda linaeleza sifa yake. Za leo hazina, lakini hakuna ushahidi kwamba zinazuia kucheua, na mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji kitu kingine zaidi ya maziwa.

Kuzidisha uzito wa maziwa kwa uji au nafaka: kwa mtoto wa ziwa, usifanye. Maziwa ya mama yana kimeng'enya kinachovunja wanga, kwa hiyo uji unarudi kuwa maji, na umemwanzishia chakula kabla ya wakati. Kwa wa kopo yapo maziwa maalumu yaliyokolezwa, na hayo kweli hupunguza maziwa yanayoonekana yakirudi, ila ni ghali na yafaa yaagizwe na daktari baada ya kupunguza kipimo kushindwa. Kuongeza kijiko cha poda ili yawe mazito ni tofauti kabisa, ni kumpa chumvi na protini zinazolemea figo zake. Usithubutu.

Dawa za asidi kama omeprazole hazizuii maziwa kurudi. Zinayafanya yarudi yakiwa na asidi pungufu, na zinaongeza uwezekano wa maambukizi ya kifua na tumbo. Zina kazi yake kwa mtoto aliyeumizwa umio na asidi na kuonwa na daktari. Kwa mtoto anayecheua, anacheka na kunenepa, hazina kazi. Ranitidine, ambayo zamani ilikuwa ikiandikwa sana, iliondolewa kwenye masoko mengi kuanzia 2019 na 2020 kwa kukutwa na kemikali inayohofiwa kusababisha saratani. Kama kuna chupa imebaki kabatini, itupe.

Usubiri asubuhi au uondoke sasa?

| Unachoangalia | Unaweza kusubiri | Nenda hospitali usiku huo huo |
|---|---|---|
| Rangi | Nyeupe, au mabonge kama mtindi | Kijani, damu, au weusi kama unga wa kahawa |
| Namna yanavyotoka | Yanatiririka mdomoni | Yanaruka mbali kwa nguvu, tena na tena |
| Baada ya hapo | Anatulia, analala | Amelegea, hataki kunyonya, analia asibembelezeke |
| Mkojo | Nepi 6 au zaidi kwa siku | Mkojo haba, mdomo mkavu, utosi umebonyea au umevimba |
| Joto | Kawaida | Nyuzi 38 au zaidi kwa wa chini ya miezi 3 |
| Pumzi na tumbo | Kawaida | Pumzi inakatika, midomo ya bluu, tumbo limejaa na kukaza |

Damu kidogo kwa mtoto wa ziwa huenda imetoka kwenye chuchu iliyochanika, kwa hiyo jikague, ila bado mwambie daktari. Rangi ya kijani haina mjadala hata mara moja: inaweza kuwa utumbo umejisokota, na hapo saa zinahesabika.

Ule wa kuruka kwa nguvu una hadithi yake. Kati ya wiki ya 2 na ya 8, wavulana zaidi kuliko wasichana, msuli wa mlango wa kutokea tumboni unaweza kunenepa na kuziba njia. Mtoto hutapika kila baada ya kunyonya, kisha anataka kunyonya tena papo hapo kwa njaa, na uzito unashuka. Hutibiwa kwa upasuaji mdogo na hupona kabisa, mradi asicheleweshwe mpaka maji yaishe mwilini.

Yapo yasiyohitaji kukimbia usiku lakini hayafai kusubiri mwezi: uzito uliosimama kwenye kadi ya kliniki, choo chenye ute wa damu pamoja na ukurutu usiopona, ambavyo vinaweza kuashiria mwili kukataa protini ya maziwa ya ng'ombe, au kucheua kulikoanza baada ya miezi 6. Hayo nenda nayo wiki hiyo hiyo.

Ukiondoka usiku, chukua kadi ya kliniki na kumbuka saa aliyonyonya mara ya mwisho. Ile khanga aliyotapikia usiiloweke. Ikunje, itie kwenye mfuko wa plastiki, uende nayo, daktari aione rangi mwenyewe.